Chenji ya Msibani

Tarehe tisa mwezi wa tano, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Alitoka asubuhi kwenda kupalilia mihogo, akarudi mapema analalamikia kifua, akajinyoosha kitandani, hakuamka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichopoteza. Cha pili ni jina langu. Hilo lilipotea kabla hata ya arobaini yake, na ndilo nililoitwa kulizungumzia hapa leo.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Mimi natoka Janga, upande wa Kibaha. Tuna kikundi cha akina mama, tunaweka na kukopeshana kama nyinyi. Mwenyekiti wenu aliponipigia simu kunialika nije niwape ushuhuda, nikamuuliza, "Kisarawe ipi?" Akacheka, akasema, "Kwani ziko ngapi, dada?" Sikuuliza bure. Kwa sababu yule mtu wa noti za bandia ni wa hapa. Alikuwa anachapa kadi za harusi na fulana za misiba hapahapa, na ile nyumba yake ya kazi iko huko ndani Vihingo, wengine mmeshapanda bodaboda kwenda kuiangalia kama vile mnakwenda mbugani.

Naona wanaotabasamu. Mnamwita Gavana. Mimi simwiti hivyo. Gavana ni wa Benki Kuu, mtu anayeweka saini kwenye noti za halali. Nitasema "yule mtu", na mwingine yeyote sitamtaja kwa jina. Anayetaka kutabasamu atabasamu, sikuja kumkataza. Nimekuja kuwaambia upande ambao hauzungumzwi vijiweni.

Kwanza sinia, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu, mtu akifiwa, upande wa wanawake linawekwa sinia karibu na mfiwa, juu yake kitambaa. Mtu anakuja, anakupa mkono, anasema pole, kisha anaingiza mkono chini ya kitambaa anaacha alichonacho. Mwenye mia tano anaacha mia tano. Mwenye elfu kumi anayetaka kutoa elfu mbili, anaacha ile elfu kumi na anajichukulia chenji mwenyewe, hukohuko chini ya kitambaa. Hakuna anayeangalia. Kumkagua mtu aliyekuja kukupa pole ni kumtukana. Ndivyo nilivyolelewa, na naona mnatikisa vichwa, kwenu ni vilevile. Basi kumbukeni hilo.

Mume wangu alizikwa na watu wengi. Alikuwa mkulima, lakini walipokuwa wanajenga bandari kavu kule Kwala alifanya kibarua, akapata marafiki wa kutoka huku na huku. Kwa hiyo kwenye msiba walikuja watu nisiowajua, na sikushangaa. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga khanga vizuri, analia kunizidi mimi. Akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Mama, pole. Marehemu alinisaidia pale Kwala. Nilikuwa sina nauli, akanipa. Hata jina hakuniuliza." Kisha akaingiza mkono chini ya kitambaa. Ukakaa kidogo humo ndani. Nikaangalia pembeni, kama ilivyo adabu.

Ndugu zangu, nawaambia, yale maneno yalinipa nguvu. Mume wangu hakuwa mtu wa kujisifu. Nikasema kumbe alikuwa anafanya mema na hanisimulii. Nikayaweka. Kila nilipozidiwa nikayatoa nikayaangalia, kama mtu anayeangalia picha.

Ikafika siku ya kujiandaa na arobaini. Mimi niko ndani nakaa eda. Nikachukua hela za kwenye sinia nikampa wifi yangu, mdogo wake marehemu, aende Mlandizi kununua mchele na mafuta ya khitma. Muuza mchele akaipokea noti ya kwanza, akaisugua, akaiinua, akaiweka pembeni. Ya pili hivyohivyo. Akamuuliza wifi, "Dada, hizi umezitoa wapi?"

"Msibani."

"Msiba gani huo wanaochapa hela?"

Watu wakajaa dukani. Wifi yangu akapelekwa kituoni na kikapu chake mkononi.

Habari akaniletea bodaboda mmoja wa jirani. Nikasimama nikajitanda. Mama yangu mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, akanishika nguo. "Unakwenda wapi na eda yako?"

"Kituoni."

"Tuma mwanamume."

"Mama mkubwa, hela imetoka kwenye sinia langu. Aliyetumwa yuko ndani, mimi mwenye hela nimekaa kwenye mkeka. Hiyo ni haki?"

"Watu watasema."

"Waseme."

Nikaenda. Shehe wa msikiti wetu alisema baadaye kwamba nilitoka kwa dharura, sina kosa. Lakini wanaosengenya hawakumuuliza shehe.

Kituoni nikasema, "Hizo hela ni zangu, huyu nilimtuma, mwachieni." Askari wa kaunta akaniangalia na nguo zangu za eda, akauliza nani alinipa. Nikasema, watu waliokuja kunipa pole.

"Wataje."

"Rambirambi haina majina, baba."

"Mama, usinichezee. Hela hii imetoka kwa Gavana. Alikuja msibani kwako?"

"Simjui."

Akaichukua noti moja, akaielekeza dirishani. Nikadhani anatafuta ushahidi. Kumbe anaifurahia. Akamwita mwenzake, "Hebu njoo uone kazi. Mpaka yule tembo wa kwenye noti ana makunyanzi!" Mwenzake akaipokea, akapiga mluzi. "Huyu jamaa ana mkono. Angezaliwa Ulaya huyu angekuwa anatengeneza ndege." Wakaja na wengine. Noti ikapita mkono kwa mkono, wanacheka, wanamsifu. Mimi nimekaa kwenye benchi, mjane wa wiki tano, naitwa mshirika wa yule wanayemsifu. Niliomba maji. Mmoja akasema subiri mama, akaendelea kuangalia tembo.

Wifi wakamwachia. Mimi nikalala humo. Kesho yake shemeji yangu akaniwekea dhamana, nikaambiwa niwe naripoti kila Jumatatu. Kwa hiyo kila Jumatatu, na eda yangu, nilipita barabarani watu wananitazama. Wengine walikuwa wananionyesha kwa watoto wao. "Yule ndiye mama wa Gavana." Sikuinamisha kichwa. Niliwasalimia. Aliyeitikia aliitikia, asiyeitikia nilimwachia salamu yake hapohapo.

Sanduku la kikundi chetu lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Ufunguo mmoja nilikuwa naushika mimi tangu kikundi kinaanza. Mwenyekiti wetu akaja na katibu, wakaketi, wakanipa pole ya msiba kwa mara ya pili. Nikajua wana neno.

"Dada, tumekuja kuomba ufunguo."

"Mnanidhania?"

"Hatukudhanii. Ila watu wanasema."

"Watu wanasema, nyie mnasemaje?"

Mwenyekiti akaangalia mkeka. Nikafungua pindo la khanga, nikautoa ufunguo, nikampa. Sikumwambia neno baya. Lakini nilimtazama mpaka akaondoka.

Arobaini tukaifanya kwa mchele wa kukopa. Walikuja watu wachache, na waliokuja walikula haraka. Chakula kilibaki. Mume wangu alikuwa mtu ambaye chakula hakibaki kwake. Hilo liliniuma kuliko benchi la kituoni.

Sasa wakati mimi napita barabarani Jumatatu kwa Jumatatu, yule mtu alikuwa anazidi kukua. Hajakamatwa bado, na kila siku ana hadithi mpya. Eti aliingia benki na noti yake, mhudumu akampa chenji na karanga za kutafuna. Eti ana noti moja yenye sura ya mama yake mzazi. Eti ukimpelekea shida anakuuliza unataka wekundu wangapi, yaani zile noti za elfu kumi. Na hii ndiyo naisikia mpaka leo, nimeisikia hata asubuhi hii pale stendi yenu: eti alikuwa anasaidia wajane.

Wapendwa, mjane ni mimi. Nimesimama hapa mbele yenu. Niangalieni vizuri. Hakunisaidia.

Nilipomaliza eda nikatoa lile sinia uvunguni nilioshe, na kitambaa chake nikifue. Nilipokikung'uta ikadondoka noti moja ya elfu kumi iliyokuwa imenasa kwenye upindo. Nilipoishika tu nikaijua. Nikamwambia wifi, wifi akamwambia shoga yake, na kabla ya jua kuzama amefika kijana mmoja fundi simu kutoka Mlandizi, kanyoa vizuri, ana adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nasikia unayo mali ya Gavana. Orijino."

"Orijino ya bandia?"

Akacheka. "Mama na wewe! Nakupa elfu ishirini."

"Elfu ishirini ya kweli kwa elfu kumi ya uongo?"

"Basi thelathini. Mama, hii ni historia. Akishafungwa hazitapatikana. Naiweka kwenye fremu pale dukani, watu waje waone."

"Utaandika nini chini yake?"

"Nitaandika, Kazi ya Gavana."

"Andika na msiba wa mume wangu."

Akadhani natania. Akafika hamsini. Akazitoa, akaziweka kwenye jamvi, hela za kweli, mbele ya mwanamke ambaye shamba lake lilikuwa limeota nyasi na mchele wa arobaini bado hajaulipa. Wifi yangu akaniangalia. Sitawadanganya, hata mimi niliziangalia. Kisha nikamwambia, "Chukua hela zako, mwanangu. Hii noti ilikuja kwangu ikanifanya mwizi. Nikikuuzia wewe, nimekuwa mwizi kweli."

Asubuhi nikaifunga kwenye karatasi nikaenda nayo kituoni. Wifi alinifuata mpaka kwenye lami. "Wifi, dhamana yenyewe haijaisha, unajipeleka tena?" Nikamwambia, "Ninapeleka noti. Wakitaka na mimi, watanikuta hapohapo."

Siku hiyo nilimkuta askari wa kike, sijawahi kumwona. Akaipokea, akaiweka kwenye bahasha, hakuiinua dirishani. Akaniletea kiti. Akaniambia yule mtu ameshakamatwa huko Vihingo, lakini kesi inasuasua, kwa sababu waliopata noti zake hawataki kusema. Wengine wanaona aibu, wengine wamezificha kama kumbukumbu. Akasema, "Mama, wewe ni wa kwanza kuleta kwa miguu yako. Utaweza kusema mahakamani?"

"Nitaweza."

"Watu watakuzomea."

"Wameshanizoea."

Wiki ile wakanifutia ile kuripoti.

Siku ya kesi, Kibaha, uwanja wa mahakama ulijaa kuliko mpira. Karandinga lilipofika vijana wakaanza, "Gavana! Gavana!" Akashuka na pingu zake, mtu mfupi, mpole, kavaa shati safi, akawapungia. Nilitegemea kumwona mtu wa kutisha. Alikuwa kama mwalimu wa madrasa. Aliponiona nimekaa kwenye benchi la mashahidi akainama kidogo akasema, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Ni salamu pekee niliyoinyima katika maisha yangu, na sijaijutia.

Kizimbani alikuwa na mwanamke. Nikamtazama mara moja, nikamjua. Ni yule aliyelia kunizidi.

Yeye alikuwa amekiri. Akaeleza kwa sauti ndogo kazi yao ilivyokuwa. Dukani, alisema, watu wanainua noti. Sokoni wanasugua. Msibani hakuna anayeinua wala anayesugua, na chenji unajihesabia mwenyewe. Kwa hiyo walikuwa wanafuata misiba kando ya barabara ya kwenda Kwala, kwa kuwa siku hizi huko wageni ni wengi, mtu haulizwi umetoka wapi. Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Ulikuwa unawafahamu marehemu?"

"Hapana. Tulikuwa tunauliza njiani jina na kazi yake."

"Na wafiwa ulikuwa unawaambia nini?"

"Nawaambia marehemu alinisaidia nauli. Kila msiba nilisema hivyo. Watu wanapenda kusikia hivyo."

Ndugu zangu, sikilizeni hapa.

Hapo ndipo nilipoibiwa. Siyo siku ya msiba. Pale mahakamani, nimekaa, macho makavu, nikaibiwa mume wangu mara ya pili.

Nikaitwa. Nikaapa. Nikaeleza yote niliyowaeleza nyinyi. Wakili wa yule mtu akasimama, mwenye suti, anatabasamu na watu. "Mama, hata watu wa benki waliosoma walidanganyika na hizi noti. Huoni kwamba ni kazi ya ajabu?" Watu wakacheka. Kuna aliyepiga makofi dirishani.

Nikamjibu, "Sijui kazi ya ajabu ni ipi, mwanangu. Mimi najua tu alimtuma huyu mwanamke msibani kwangu kuchukua chenji."

Akasema, "Lakini mama, ulipoteza shilingi ngapi hasa? Ni hasara ndogo, siyo?"

Nikamwambia, "Noti mtazichoma. Huyu mwanamke aliniambia mume wangu alimpa nauli. Nimeishi na maneno hayo miezi na miezi. Nimeyasema kwa watoto wake marehemu. Hayo nayo mtayachomaje?"

Yule mwanamke akajifunika uso kwa khanga. Yule mtu akaendelea kutabasamu, lakini alikuwa anatabasamu peke yake.

Walifungwa wote wawili. Nilipotoka nje kijana mmoja akanipigia kelele, "Mama, umemfunga Gavana!" Nikasimama nikamwambia, "Kamfunga hakimu. Lakini ningepewa mimi ufunguo, ningemfunga vilevile." Nikaenda zangu kula, nilikuwa na njaa.

Na kuhusu ufunguo. Mwenyekiti wetu alikuja wiki hiyohiyo, na katibu, na sukari kilo mbili. Akaomba radhi. Nikaipokea radhi, na sukari nikaipokea. Akautoa ufunguo. Nikamwambia huo ukae nao. Nitaushika siku mtakapoondoa kitambaa kwenye sinia la msiba. Noti iwekwe wazi, iinuliwe, chenji itolewe na mtu aliyekaa pale, mbele ya macho ya watu.

"Dada, tukague rambirambi? Watu watasemaje?"

"Watasema. Mimi wamenisema, na mnaniona niko hai."

Akaondoka na ufunguo. Tukakaa hivyo muda mrefu, tunasalimiana, tunaulizana habari za mashamba, ufunguo unao yeye.

Nawashukuru walionisimamia. Wifi yangu, aliyelala na mimi kwenye mkeka mpaka eda ikaisha na hakuwahi kuniuliza kama zile hela nilizijua. Shemeji yangu aliyeweka dhamana. Shehe wetu. Yule askari wa kike aliyeniletea kiti. Na msicheke, namshukuru yule muuza mchele wa Mlandizi, maana asingezigundua, ningewalisha watu khitma ya mume wangu kwa hela ya uongo, na ningekaa nalo bila kujua.

Nilichokuja kuwaombeni ni kidogo. Mnapomsimulia yule mtu, na najua mtamsimulia hata leo mkitoka hapa, msikate hadithi pale inapochekesha. Muulizeni anayesimulia, ile noti nzuri ilimfikia nani? Mfuateni huyo mpaka nyumbani kwake. Na mtu akiinua noti yako kwenye mwanga, usinune. Kama yako ni safi, mwanga hauna la kukufanya. Aibu ninayoijua mimi siyo ile ya kukagua, ni ile iliyonikuta kwa kutokukagua, na hiyo sitaki imkute mwingine kwa jina la adabu.

Namalizia na kilichotokea Jumamosi iliyopita. Mwenyekiti wetu alifiwa na mama yake. Nilikwenda mapema, nikamkuta amekaa ukutani, macho yamevimba, sinia liko mbele yake na kitambaa chake cheupe. Nikampa mkono, nikasema pole, nikakaa nyuma na wenzangu. La kitambaa sikuligusa, ulikuwa msiba wake.

Akaniita. "Dada, njoo hapa." Nikasogea. Akafungua pindo la khanga akanipa ufunguo, akaufumba mkono wangu juu yake. Kisha akakivuta kile kitambaa mbele ya wanawake wote, akakikunja, akakikalia.

Mama yangu mkubwa alikuwa wa kwanza kusogea. Alikuwa na elfu kumi mkononi, anataka kutoa elfu mbili. Akalitazama sinia lilivyo wazi, akanitazama mimi. Nikanyoosha mkono. Akanipa noti.

Nikaigeukia nuru ya mlangoni, nikaiinua juu, kila mtu anaona. Nikaitazama mpaka niliporidhika. Ilikuwa halali. Nikamhesabia chenji yake elfu nane, nikampa mkononi, akahesabu na yeye, akakaa.